Nani Aibebaye Hatari ya Safari?

Asimamaye alfajiri kando ya barabara kuu pale Kaliua, mkoani Tabora, hataacha kuona watu wa namna mbili wakienda kazini. Wa kwanza ni wale waendao kwa pikipiki: mwalimu aliyefunga koti hadi shingoni kwa ajili ya baridi, muuguzi aliyekaa nyuma ya kijana wa bodaboda na mkoba wake mapajani, mkulima aliyefungia jembe na dumu la maji nyuma ya kiti. Wa pili ni wale waendao kwa motokaa: ofisa, mfanyabiashara, mnunuzi wa tumbaku, na mara nyingine sisi mapadre. Hao wa pili hufunga vioo vyao, na vumbi lao huwabakia wale wa kwanza.

Kipi kilicho bora kati ya vyombo hivi viwili? Jambo hilo hujadiliwa kila mahali, barazani na kijiweni. Mmoja husema kwamba pikipiki hunywa mafuta kidogo, kwani lita moja humfikisha mtu kilometa 40 au zaidi, hali motokaa nyingi za njia zetu hazimalizi hata 15. Tena pikipiki hupita penye mti ulioanguka, na penye kijito kilichokula daraja. Mwingine hujibu kwamba motokaa haimnyeshei mtu mvua, huchukua jamaa nzima pamoja na magunia yao, na akiugua mtu huweza kulazwa. Hoja hizo zote ni za kweli, wala hatuna haja ya kuzipinga. Lakini twaona liko swali moja lililo kubwa kuliko bei ya mafuta, nalo halisemwi sana. Katika kila safari mna hatari. Je, nani aibebaye?

Swali hilo si geni katika nchi yetu ya Unyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita katika pori hili la miombo. Mali yote ilisafiri juu ya mabega ya watu. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, mwendo wa miezi mingi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Wengine walikuwa watumwa ambao hawakuulizwa kama wapenda. Mwenye pembe za ndovu aliweza kukaa nyumbani kwake Tabora akingoja faida, na homa, njaa na simba vikawa vya yule mwenye mzigo begani. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiouchukua sisi, twauona mwepesi.

Lakini misafara ile ilikuwa na desturi moja iliyo njema, ambayo twataka wasomaji wetu waikumbuke. Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Yeye hakuwa na mzigo mzito kama wengine, wala hakumeza vumbi la mtu, kwani hapana aliyemtangulia. Kwa sababu hiyo alikuwa na wajibu ambao wengine hawakuwa nao. Alipofika penye njia panda, aliiziba njia isiyofaa kwa matawi ya miti au kwa mstari alioupiga chini kwa mguu, ili wale waliokuja nyuma wameinama chini ya mizigo wasipotee. Aliyepewa wepesi alidaiwa uangalifu. Neno hilo ndilo tutakalo kulisema leo juu ya pikipiki na motokaa.

Tuanze na pikipiki, na tuipe haki yake. Kaliua imekuwa wilaya tangu mwaka 2012, nayo ni nchi pana sana. Reli yapita katikati yake, na tawi la kwenda Mpanda laanzia pale pale stesheni. Lakini reli haimfikishi mtu shambani, wala shuleni, wala zahanati. Toka Usinge, toka Ulyankulu, toka vijiji vilivyomo ndani ya misitu, watu walikuwa wakienda kwa miguu au kwa baiskeli siku nzima. Pikipiki imewafupishia njia. Imempeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane. Imempa mwalimu nafasi ya kukaa kijijini na jamaa yake na kufundisha mbali. Imewapa kazi vijana wengi ambao hawakuwa na kazi. Kanuni za Serikali za mwaka 2010 ziliiweka biashara hiyo chini ya sheria: leseni, abiria mmoja tu, na kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria pia. Mtu aidharauye pikipiki kuwa ni chombo cha wahuni hajui ni nani aliyeifikisha dawa kijijini kwake.

Juu ya kofia hiyo ngumu tunalo jambo letu wenyewe la kusimulia, wala si la kujisifu.

Wakati fulani wa mvua tulikuwa twaenda kigango kimoja kilicho mbali na barabara kuu. Motokaa yetu ikazama katika tope jeusi, na saa ya ibada ilikuwa imekaribia. Akapita kijana mmoja na pikipiki yake, akakubali kutupeleka. Alikuwa na kofia moja tu, nayo ilikuwa kichwani pake. Akaivua, akaifuta maji kwa kiganja, akatupa. Akasema, “Vaa wewe, Baba. Mimi nimezoea.” Nasi tukaivaa. Hatukukataa, wala hatukufikiri. Tuliipokea kama mtu apokeavyo kikombe cha chai nyumbani kwa watu. Mbele kidogo gurudumu la nyuma likateleza mchangani, pikipiki ikayumba mara mbili, kisha ikasimama sawa. Hatukuanguka. Lakini katika dakika ile tulikiona kichwa cha yule kijana mbele ya macho yetu, kitupu, na kofia yake tumeivaa sisi.

Jioni motokaa ilikwisha kutolewa topeni, tukarudi nayo. Giza lilikuwa laingia, na kila mmoja wetu alitamani kufika nyumbani. Penye bonde moja njia ilikuwa imejaa maji. Dereva wetu hakupunguza mwendo, wala hakuna kati yetu aliyemwambia apunguze. Maji ya tope yakaruka kama ukuta, yakampiga mtu aliyekuwa amejibanza kando na pikipiki yake atupishe. Tulipogeuka tukamtambua. Alikuwa ni yule yule wa asubuhi. Naye, kwa adabu aliyofunzwa na wazazi wake, alitupungia mkono.

Tumeyafikiri mambo hayo mawili mara nyingi. Katika siku moja kijana yule alitukinga hatari kwa kichwa chake, nasi tukamlipa tope. Wala hatukumchukia; hilo ndilo la kutisha. Hatukuwa na nia mbaya hata kidogo. Ilitosha kwamba sisi tulikuwa ndani na yeye yu nje.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya vyombo hivi viwili. Apandaye pikipiki huiweka hatari ya mwendo wake juu ya mwili wake mwenyewe kwanza. Akikosea, goti lake laumia. Upepo, mvua na mashimo humwambia kila dakika kwamba yeye ni udongo. Aendeshaye motokaa amezungukwa na chuma, naye hasikii habari hizo; mwendo wa kilometa 80 humwona kama amekaa kitini nyumbani. Lakini hatari haikutoweka. Imetoka kwake, ikaenda kwa wale walio nje. Pikipiki ndogo ina uzito wa kilo 120 hivi. Motokaa kubwa za safari zapita kilo 2,000. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 waliokufa barabarani ulimwenguni kote mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa ni watu waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki, yaani wale wasio na chuma cha kuwakinga.

Basi, je, yatupasa kusema kwamba pikipiki ni chombo cha watu wema, na motokaa ni chombo cha wenye kiburi? La, hasha. Hukumu hiyo ingekuwa rahisi mno, tena si ya kweli. Baba ampakiaye mkewe nyuma, na mtoto mmoja mbele juu ya tangi, na mwingine katikati, hajanyenyekea. Amewatia wanawe hatarini. Kama ana uwezo wa kununua motokaa kuukuu ili jamaa yake isafiri salama, na ainunue, wala mtu asimwonee kijicho. Tena mwendesha pikipiki mwenyewe ana walio dhaifu kuliko yeye. Apitapo kwa kasi sokoni katikati ya akina mama wenye vikapu, au mbele ya shule watoto watokapo, wakati huo yeye ndiye mwenye chuma, na wao ndio walio wazi. Kwa bibi kizee avukaye njia, pikipiki na lori ni ndugu.

Wako watakaotujibu hivi: “Mwili ni wangu, na roho ni yangu. Nikipenda kwenda bila kofia, yawahusu nini?” Twawajibu kwa upole. Kwanza, mtu hana mwili wa kwake peke yake kama awavyo na kiatu chake. Anguka leo ukavunjika kiuno: nani atakayekulisha? Mama yako, mkeo, watoto wako watakaoacha shule. Wao hawakuulizwa. Pili, huna ruhusa kwa ajili ya yule uliyempakia. Wataalamu walioyakusanya machunguzo mengi ya nchi mbalimbali walitangaza mwaka 2008 kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki walioanguka kwa 42 kwa mia, na majeraha ya kichwa kwa 69 kwa mia. Mtu ajuaye hayo, kisha akambeba abiria kichwa kitupu, au akapakia watu wawili na watatu, ile iitwayo mishikaki, apata nauli kwa kuuza kitu kisicho chake.

Wengine watasema, “Nimeinunua motokaa yangu kwa jasho langu.” Huenda ni kweli, nasi twakupongeza. Lakini njia uipitayo hukuinunua. Imejengwa kwa kodi ya wote, hata ya yule mkulima wa tumbaku unayemtimulia vumbi. Jasho lako limekupa gari. Halikukupa haki ya kumhamishia mwingine hatari yako.

Yuko na mtu wa tatu, naye haonekani njiani kabisa. Vijana wengi wa bodaboda si wenye pikipiki wanazoendesha. Kila jioni humpelekea mwenyewe hesabu, yaani fedha waliyopatana, iwe mvua iwe jua, wawe wamepata abiria au hawakupata. Wengine wamefunga mkataba: wakikamilisha malipo ya muda fulani, chombo kitakuwa chao. Mpango huo si mbaya kwa wenyewe, na umewainua wengi. Lakini hesabu ikiwa kubwa kupita kiasi, kijana afanyeje? Atakimbia. Ataendesha toka alfajiri hadi usiku wa manane huku akisinzia. Atapakia wawili. Atauza kofia ya abiria apate mafuta. Mwenye chombo amekaa kibarazani, ni mtu wa heshima, hajamkimbiza mtu yeyote. Walakini kasi ile ni yake. Hapo twamwona tena yule mwenye pembe za ndovu wa zamani akingoja faida nyumbani, na mwenzake njiani na mzigo. Nguo zimebadilika, bega ni lile lile.

Basi, twatoa kanuni moja, nayo yatosha kwa vyombo vyote: anayelindwa zaidi ndiye anayedaiwa zaidi. Lori ladaiwa kuliko motokaa, motokaa kuliko pikipiki, pikipiki kuliko baiskeli, na baiskeli kuliko mtu aendaye kwa miguu. Hatusemi kwamba aliye dhaifu hana wajibu. Naye na ashike upande wake wa njia, na awashe taa yake usiku. Twasema kwamba penye shaka, aliye ndani ya chuma ndiye wa kwanza kupunguza mwendo, kwa kuwa kosa lake halitalipwa kwa mwili wake.

Wasomaji wetu wazijua habari za Msamaria aliyemkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi njiani. Aghalabu twasifu mafuta na divai aliyomtia, na fedha alizomlipia. Twasahau jambo moja dogo: ili yule majeruhi apande mnyama, mwenye mnyama alishuka. Katika njia yenye wanyang'anyi, aendaye kwa mnyama aweza kukimbia. Aendaye kwa miguu hawezi. Msamaria alibadilishana naye hatari. Kijana wetu wa Kaliua alifanya hivyo hivyo kwa kofia yake, na pengine hakujua. Sisi tulijua Maandiko, lakini tulibaki tumekaa.

Yatupasa kufanya nini? Mambo machache, nayo hayana gharama kubwa. Wewe uendeshaye motokaa, penye vumbi na penye maji punguza mwendo hata kama umechelewa; usiku inamisha taa zako usimpofushe ajaye; na ukimkuta mgonjwa au mama mjamzito njiani, kumbuka kwamba kiti kitupu kilicho karibu nawe si mapambo. Wewe mwenye pikipiki, nunua kofia mbili siku ile ile unayonunua chombo, tena zenye kamba ya kufunga kidevuni, uzihesabu kuwa ni sehemu ya bei. Wewe uliyempa kijana pikipiki, mwulize kwanza amelala saa ngapi, kisha umwulize hesabu. Nanyi wazazi, mtoto asiye na leseni akiomba ufunguo, mnyimeni, hata akinuna wiki nzima.

Nawe abiria, ukipewa kofia iliyo moja, usiivae kama tulivyoivaa sisi. Kataa safari, au ngoja mwingine mwenye mbili. Na kama haja ni kubwa haikuachi kungoja, basi walau mwambie aende polepole, na ukubali kuchelewa. Kuchelewa ni mzigo pia, na huo waweza kuubeba wewe.

Kuna desturi moja iliyobaki katika barabara zetu. Lori likiharibika njiani, utingo hushuka, huvunja matawi ya miti, huyapanga barabarani hatua nyingi nyuma ya gari, ili dereva ajaye ayaone na kupunguza mwendo. Hamjui mtu huyo ajaye. Hatamwona wala hatashukuriwa naye. Pengine hajapata kusikia habari za kirangozi wa misafara na matawi yake penye njia panda. Lakini afanya kazi ile ile, katika nchi ile ile. Nasi tuliopata nafasi ya kukaa ndani, tusione haya kushuka na kuvunja tawi.